Marundo ya Chuma: Nani Anufaike Mabaki ya Mgodi Yakifukuliwa?

Kila mgodi mkubwa huacha shimo na lundo. Shimo hujaa maji na kusahaulika. Lundo hubaki juu ya ardhi likiota magugu, mpaka siku bei ya madini inapopanda na mtu akakumbuka kwamba ndani yake kuna mali. Hapo huzuka mjadala ule ule, iwe ni Minnesota nchini Marekani, Goa nchini India, Ngwenya nchini Eswatini au Lunsar nchini Sierra Leone: lundo hili ni la nani, lina thamani gani, na likifukuliwa, mji uliokula vumbi lake kwa miaka hamsini utapata nini?

Wanasiasa hupenda kulijibu swali hili kwa matumaini. Mali iko juu ya ardhi, hakuna haja ya baruti wala handaki, kinachosubiriwa ni mtambo na mwekezaji. Wanaharakati wa mazingira hulijibu kwa hofu: ukigusa bwawa la mabaki lililotulia, unaamsha tope na vumbi lililolala. Pande zote mbili zina sehemu ya ukweli. Ila ukizipitia sehemu ambako jambo hili limekwisha jaribiwa, unapata picha iliyo wazi kuliko kelele za pande hizo. Lundo la chuma linaweza kuunufaisha mkoa wa madini pale linapohesabiwa kuwa kazi ya usafi inayojilipia gharama zake. Linapohesabiwa kuwa mgodi mpya, huwaangusha wote waliolitegemea.

Marundo yalikotoka

Hakuna mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili kama ukanda wa Mesabi, kaskazini mwa Minnesota. Ni mkanda mwembamba wa mawe yenye chuma unaoenda zaidi ya kilomita 170, kutoka Grand Rapids hadi Babbitt. Ndugu wa ukoo wa Merritt waligundua chuma karibu na ulipo leo mji wa Mountain Iron mwaka 1890, na shehena ya kwanza ikasafirishwa mwaka 1892. Mdororo wa uchumi wa 1893 ukawazamisha kwenye madeni, mali yao ikaangukia mikononi mwa John D. Rockefeller, na mwaka 1901 sehemu kubwa ya ukanda ikaingia katika kampuni mpya ya U.S. Steel. Chuma cha Mesabi ndicho kilichojenga reli, magari na majengo marefu ya Marekani, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ndicho kilichobeba mzigo mkubwa wa silaha za nchi hiyo. Mji wa Hibbing ulihamishwa kuanzia mwaka 1919, nyumba zikiburuzwa juu ya magogo, kwa kuwa chuma kilikuwa chini ya mitaa yake.

Wachimbaji wa zama hizo walichagua. Mawe mazuri, yenye chuma cha zaidi ya nusu ya uzito wake, yalipakiwa moja kwa moja kwenye mabehewa kuelekea bandari za Ziwa Superior. Mengine yote yaliwekwa kando. Kwa hiyo lundo tunalolitazama leo kama kilima kimoja lina asili tofauti tofauti. Kuna udongo wa juu uliofukuliwa ili kuyafikia mawe. Kuna mawe matupu. Kuna mawe yenye chuma kidogo, ambayo mikataba mingi ya kukodisha ardhi ilitaka yatengwe kwa sababu mwenye ardhi alijua kwamba siku moja yatauzika. Na kuna mabaki ya kuoshea: katika upande wa magharibi wa Mesabi mawe yalichanganyika na mchanga mwingi, hivyo mwaka 1910 ukajengwa mtambo mkubwa wa kuosha huko Coleraine. Maji yalichukua mchanga, lakini yalichukua pia chembe laini za chuma na kuzitupa bondeni. Miaka ikapita, mabonde yakajaa tope jekundu.

Baada ya vita mawe mazuri yalianza kuisha. Profesa Edward W. Davis wa Chuo Kikuu cha Minnesota alikuwa ametumia miongo kadhaa kutafuta namna ya kutumia takonaiti, mwamba mgumu wenye chuma cha asilimia 20 hadi 30 tu. Mwamba husagwa kuwa unga, chuma huvutwa kwa sumaku, kisha unga hufinyangwa na kuokwa kuwa vidonge vyenye chuma cha takriban asilimia 65. Kuanzia katikati ya miaka ya 1950 vidonge hivyo vikaokoa ukanda mzima. Hata hivyo njia hiyo ilihitaji chuma kinachovutwa na sumaku za kawaida. Chuma chekundu kilichotupwa mabondeni hakivutiki kirahisi hivyo, kikabaki pale pale.

Kilichobadilika

Mambo mawili yalilipa lundo thamani mwanzoni mwa karne hii. La kwanza ni ufundi. Zilipatikana sumaku zenye nguvu kubwa za kuchenjulia, zinazoweza kuvuta hata chuma chekundu kutoka kwenye tope. La pili ni China, ambayo viwanda vyake vya chuma vilipandisha bei hadi tani moja ya mbale ya kiwango cha kawaida ikauzwa kwa takriban dola 190 mapema mwaka 2011.

Kwa hesabu ya karatasini, lundo linavutia sana. Katika mgodi wa mwamba mgumu, fedha nyingi huishia kwenye kuchoronga, kulipua, kubeba na hasa kusaga, kwa sababu kusaga hula umeme kuliko kazi nyingine zote. Mabaki ya kuoshea yalikwisha chimbwa na kuvunjwavunjwa na watu waliokwisha kufa. Unayachota, unayachuja, unayapitisha kwenye sumaku, unauza.

Lakini hesabu ina upande wa pili ambao mikutano ya hadhara huuruka. Chukua mfano wa tani 100 za mabaki yenye chuma cha asilimia 35. Humo mna tani 35 za chuma halisi. Mtambo hauwezi kukipata chote. Tuseme unapata asilimia 60, yaani tani 21. Ukizitengeneza kuwa bidhaa yenye chuma cha asilimia 62, unapata tani 34 hivi za kuuza. Zile tani 66 zilizobaki ni tope jipya, laini zaidi kuliko lile la kwanza, linalohitaji bwawa jipya. Kwa maneno mengine, kufukua lundo hupunguza mabaki, hakuyamalizi, na theluthi mbili ya mzigo hurudi ardhini.

Ongeza umbali. Bidhaa ya chuma ina thamani ndogo kwa kila tani ukiilinganisha na dhahabu au shaba, kwa hiyo nauli ndiyo huamua nani anaishi. Mesabi ina reli na bandari za ziwa, ila milango ya meli ya Sault Ste. Marie hufungwa kati ya Januari na Machi kwa ajili ya barafu na matengenezo, na kuchota tope lenye maji katika baridi kali ni kazi ya gharama. Lundo lililo mbali na reli, hata likiwa na chuma kizuri, ni kilima tu.

Bei ilipogeuka

Kampuni ya Magnetation ndiyo iliyobeba matumaini ya upande wa magharibi wa Mesabi. Ilianzishwa mwaka 2006, ikafungua mtambo wake wa kwanza karibu na Keewatin, na mwaka 2011 kampuni ya chuma ya AK Steel ikakubali kuweka karibu dola milioni 300 kwa asilimia 49.9 ya ubia. Mitambo mingine ikafuata karibu na Taconite na Grand Rapids, na mwaka 2014 kikafunguliwa kiwanda cha vidonge huko Reynolds, katika jimbo la Indiana. Miji iliyokuwa imezoea kusikia habari za kufungwa ikaanza kusikia habari za ajira. Wakati huo huo, huko Hoyt Lakes, Steel Dynamics na Kobe Steel walikuwa wamefungua mwaka 2010 kiwanda cha Mesabi Nugget, kilichogeuza unga wa chuma kuwa vipande vya chuma tupu bila tanuru kubwa, na ambacho kwa muda kililishwa na mabaki yaliyofukuliwa karibu na Chisholm.

Kisha bei ikaanguka. Kufikia Desemba 2015 tani iliyouzwa dola 190 ilikuwa chini ya dola 40. Magnetation iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi Mei 2015 na mitambo yake ikazimwa mwaka uliofuata. Mesabi Nugget nayo ilisimama mwaka 2015. Mnunuzi mpya, ERP Iron Ore, alichukua mali za Magnetation mwaka 2017 akiahidi kuzifufua. Mwaka 2018 naye akajikuta katika mahakama ya ufilisi.

Mtu anaweza kusema hilo ni kosa la kampuni moja iliyokopa kupita uwezo wake. Deni lilichangia kweli. Lakini tazama Afrika katika miaka hiyo hiyo. Ngwenya, nchini Eswatini, palichimbwa chuma kuanzia mwaka 1964, reli ikajengwa hadi bandari ya Maputo kwa ajili yake, na uchimbaji ukakoma mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2011 kampuni ya Salgaocar kutoka Goa ilirudi kufukua marundo yaliyoachwa. Umiliki ulipangwa vizuri kwa macho ya taifa: nusu ya mwekezaji, robo ya serikali, robo ya mfalme kwa niaba ya taifa. Mwaka 2014 shughuli ikafa na kampuni ikaingia kwenye ufilisi. Huko Lunsar, Sierra Leone, mgodi wa Marampa ulifanya kazi kuanzia 1933 hadi 1975 na kuacha marundo makubwa ya mabaki. London Mining ilianza kuyachenjua mwishoni mwa mwaka 2011. Mwaka 2014 ulileta Ebola na bei mbaya kwa pamoja, na mwezi Oktoba kampuni ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi.

Kampuni tatu, nchi tatu, mifumo mitatu tofauti ya umiliki, mwisho mmoja ndani ya miezi kumi na miwili hivi. Sababu iko katika asili ya lundo lenyewe. Mtambo wa lundo huzaliwa bei ikiwa juu, kwa sababu ni wakati huo tu ndipo benki hukubali kukopesha. Bei hiyo hiyo huwaita wachimbaji wakubwa wa Australia na Brazil, ambao gharama yao kwa tani ni ndogo zaidi. Mashimo yao mapya yanapoanza kumwaga mbale sokoni, bei hushuka, na wa kwanza kuzama ni yule aliyeingia mwisho na mkopo mkubwa. Mkoa unaopanga bajeti yake ya miaka ishirini juu ya mtambo wa namna hii umejifunga kwenye gari lisilo na breki.

Lundo ni la nani?

Swali la umiliki linaonekana jepesi mpaka bei inapopanda. Jiwe likiwa ardhini, sheria nyingi zinajua ni la nani: Tanzania ni mali ya taifa, Eswatini limewekwa chini ya mfalme kwa niaba ya taifa, Minnesota ni la mwenye haki ya madini, ambaye mara nyingi si mwenye ardhi ya juu. Likishachimbwa na kulipwa mrabaha, au kutolipwa kwa sababu lilionekana halina thamani, kisha likarundikwa kwenye kiwanja cha mtu wa tatu na mkataba ukaisha, ni la nani?

Minnesota jambo hili lina uzito wa pekee. Sehemu ya ardhi yenye chuma ilitengwa tangu mwanzo kwa ajili ya shule, na mrabaha wake huingia katika mfuko wa kudumu wa shule za umma wa jimbo. Kwa hiyo kila lundo lina historia inayopaswa kufuatiliwa: mawe haya yalitoka kwenye kipande cha shule au cha familia iliyokodisha ardhi yake? Mawe ya wamiliki wawili yalipochanganywa bila kumbukumbu, wanasheria walipata kazi kabla ya mtambo kupata kazi.

India imelijibu swali hili kwa nguvu ya mahakama. Mwaka 2011, baada ya ripoti ya jaji mstaafu Santosh Hegde kuhusu uchimbaji haramu katika jimbo la Karnataka, Mahakama ya Juu ya India ilisimamisha migodi ya Bellary na kuamuru mawe yaliyokuwa yamerundikwa, takriban tani milioni 25, yauzwe kwa mnada wa kielektroniki chini ya kamati ya usimamizi. Wenye migodi hawakuachiwa wauze wenyewe. Goa, ambako uchimbaji ulisimamishwa mwaka 2012, uamuzi wa Aprili 2014 ulikwenda mbali zaidi: mikataba ya wachimbaji ilihesabiwa kuwa ilikwisha Novemba 2007, mawe yaliyochimbwa baada ya hapo yakawa mali ya jimbo, na asilimia kumi ya mauzo ya chuma ikatakiwa kuwekwa kwenye mfuko wa kudumu kwa ajili ya vizazi vijavyo. Hapo lundo lilihesabiwa kuwa urithi, na anayekula urithi anatakiwa kuwabakizia wajao.

Kutolijibu swali mapema kunagharimu. Huko Kolwezi, katika Kongo inayozungumza Kiswahili, mabaki ya shaba na kobalti yaliyoachwa na kampuni ya taifa ya madini, Gécamines, katika bonde la Musonoi na Kingamyambo yaligombewa kwa miaka. Serikali iliifutia kampuni ya First Quantum kibali mwaka 2009, mradi ukaenda kwa wengine, kesi zikafunguliwa, na mwaka 2012 mmiliki mpya, kampuni ya ENRC, ikalipa dola bilioni 1.25 kumaliza ugomvi. Uzalishaji ulianza mwaka 2018. Karibu muongo mzima ulipita mlangoni mwa Kolwezi.

Tanzania tunalijua jambo hili kwa jina la magwangala. Vijana wa Geita walidai kwa miaka wapewe mawe yaliyotupwa na mgodi mkubwa wa dhahabu uliopo mjini kwao, na madai yao yakafika hadi kwa Rais John Magufuli, aliyeagiza wapewe. Dai lao lilikuwa la haki. Hata hivyo jiwe lililokataliwa na mtambo unaosaga maelfu ya tani kwa siku mara chache humlipa mtu mwenye nyundo na karai. Kabla ya kugawa lundo, lipimwe: lichorongwe, sampuli zipelekwe maabara, na majibu yabandikwe ofisi ya kata. Kumpa mtu kilima bila kumwambia kilichomo ni kumpa mzigo na kuuita zawadi. Kwa chuma tatizo ni kubwa zaidi, kwa kuwa mchimbaji mdogo hawezi hata kuanza: dhahabu ya gramu chache hutoshea mfukoni, chuma huhitaji treni.

Mkoa hupata nini

Faida za lundo kwa mkoa ni za aina tatu: ajira, fedha za umma na ardhi iliyorudi katika hali nzuri. Zinazozungumzwa zaidi ni ajira, nazo ndizo dhaifu zaidi. Mtambo wa mabaki ni wa sumaku, pampu na mikanda. Hauhitaji wachimbaji wengi kama mgodi, na lundo lina mwisho unaojulikana tangu siku ya kwanza.

Fedha za umma zina nguvu zaidi, pale mfumo unapokuwa umejengwa kabla ya mwekezaji kufika. Minnesota ilianza mapema. Mwaka 1941, wakati wa gavana Harold Stassen, jimbo liliunda chombo maalumu cha kurudisha sehemu ya kodi ya chuma katika ukanda wenyewe, ili miji iwe na uchumi mwingine mawe yatakapoisha. Kampuni za takonaiti hulipa kodi kwa kila tani inayozalishwa badala ya kodi ya majengo na ardhi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ilikuwa kama dola 2.5 kwa tani. Fedha hizo hugawanywa kwa miji, wilaya na shule za ukanda huo, na sehemu huwekwa katika mfuko wa akiba. Cha kujifunza zaidi ni namna kodi inavyohesabiwa: hutumika wastani wa uzalishaji wa miaka mitatu. Mwaka mbaya ukija, shule haifungwi siku hiyo hiyo.

Kwetu, misingi ipo lakini haijafikishwa kwenye lundo. Sheria ya madini ya Kenya ya mwaka 2016 inagawa mrabaha mara tatu: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii inayozunguka mgodi. Tanzania halmashauri hupata ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mapato ghafi ya kampuni, na kampuni hutakiwa kuwa na mpango wa wajibu kwa jamii. Maswali yanayofuata ni ya kawaida lakini yanauma. Mabaki yakiuzwa miaka thelathini baada ya mgodi kufungwa, jamii inayozunguka ni ipi, waliokuwepo au waliopo? Mrabaha unahesabiwa kwa thamani ya tope kabla ya kuchenjuliwa au ya bidhaa bandarini? Maswali haya yajibiwe kwa kanuni sasa, bei ikiwa ya kawaida, kwa sababu bei ikishapanda kila jibu litakuwa na mwanasheria nyuma yake.

Usafi ndiyo faida kuu

Aina ya tatu ya faida, ardhi, ndiyo huwekwa mwisho kwenye hotuba. Ushahidi unasema ingewekwa mwanzo.

Mfano bora uko Uganda. Mgodi wa shaba wa Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori, uliacha huko Kasese lundo la takriban tani milioni moja la mawe ya salfa yenye kobalti. Mvua ililigeuza lundo hilo kuwa chanzo cha maji ya asidi yaliyotiririka hadi ndani ya hifadhi ya taifa ya Queen Elizabeth na kuua mimea njiani. Kuanzia mwaka 1999 kampuni ya kobalti ya Kasese ililichenjua kwa kutumia bakteria wanaokula salfa, ikauza kobalti, na lundo likaisha katika muongo uliopita. Ajira ziliisha pamoja nalo. Lakini kazi iliyofanyika haiwezi kufutwa na soko: chanzo kikuu cha asidi kilikwisha ondolewa, na kobalti ndiyo iliyolipia kazi hiyo.

Kinyume chake ni Brumadinho, katika jimbo la Minas Gerais nchini Brazil. Tarehe 25 Januari 2019 bwawa la mabaki ya chuma la kampuni ya Vale lilipasuka na kuua watu 270. Bwawa hilo lilikuwa limekwisha acha kupokea mabaki. Kwenye vitabu lilikuwa limelala. Miaka mitatu kabla yake, karibu na mji wa Mariana katika jimbo hilo hilo, bwawa jingine lilikuwa limepasuka na kuua watu 19. Lundo kavu la mawe linaweza kuachwa likaota miti. Bwawa la tope laini halina ruhusa hiyo: ama lipangwe vizuri na kulindwa daima, ama lifukuliwe kwa utaratibu na kujengwa upya. Huko Carajás, Vale yenyewe imeanza kuchota mabaki ya zamani ya bwawa la Gelado na kuyachenjua.

Mesabi ina onyo la maji. Kabla ya mwaka 1980, mtambo wa Silver Bay, uliosaga takonaiti ya Mesabi, ulimwaga hadi tani 67,000 za mabaki kwa siku ndani ya Ziwa Superior, na kesi ya kuusimamisha ikawa miongoni mwa kesi kubwa za mazingira katika historia ya Marekani. Leo mitambo ya ukanda huo inabanwa na kiwango cha salfati kilichowekwa mwaka 1973 kulinda mpunga wa mwituni, chakula na urithi wa watu wa Ojibwe. Anayefukua lundo hufanya kazi yake juu ya maji ya watu wengine.

Si kila lundo linapaswa kuguswa. Magharibi mwa ziwa Mille Lacs, huko huko Minnesota, kwenye ukanda wa Cuyuna ambako migodi ilifungwa, mashimo yaligeuka maziwa safi na marundo yakaota misitu. Mwaka 1993 eneo hilo likawa hifadhi ya burudani, na mwaka 2011 zikafunguliwa njia za baiskeli juu ya marundo yale yale. Mji wa Crosby umepata wageni, maduka na nyumba za kulala wageni bila kuuza tani moja ya chuma. Mwenye kutaka kufukua kilima kama hicho ana wajibu wa kuonyesha kwamba shimo atakaloacha litakuwa na faida kuliko msitu atakaoung'oa.

Ludewa isijifunze kwa kuchelewa

Tanzania ina sababu ya kulifikiria jambo hili kabla ya lundo lenyewe kuwepo. Liganga, wilayani Ludewa, mkoani Njombe, ina akiba ya chuma inayotajwa kuwa tani milioni 126, na mkataba wa mwaka 2011 kati ya Shirika la Maendeleo la Taifa na Sichuan Hongda ya China umeacha historia ndefu ya kusubiri. Chuma cha Liganga kimechanganyika na titani na vanadi. Mwekezaji akijenga njia inayotafuta chuma peke yake, titani itaishia kwenye takataka za tanuru. Hizo ndizo zitakuwa marundo ya wajukuu wa Ludewa.

Kwa hiyo mambo machache yawekwe kwenye kibali tangu mwanzo. Kila aina ya mabaki irundikwe peke yake, ramani na vipimo vyake vihifadhiwe na Tume ya Madini na nakala iwe halmashauri. Mkataba useme wazi kwamba mgodi ukifungwa, lundo ni la nani. Dhamana ya kurekebisha ardhi iwekwe benki kabla ya tani ya kwanza kuchimbwa, isiwe ahadi ya kampuni inayoweza kufilisika. Mrabaha upande bei inapopanda, na sehemu yake iende kwenye mfuko ambao halmashauri haiwezi kuumaliza katika muhula mmoja wa uchaguzi. Siku mwekezaji wa kufukua atakapokuja, kibali chake kipimwe kwanza kwa ekari atakazorudisha zikiwa salama, kisha kwa tani atakazouza.

Wananchi wa maeneo ya migodi, kuanzia Geita hadi Ludewa, wana haki ya kuuliza swali moja kila anapokuja mtu na mpango wa marundo: bei ikianguka kesho na wewe ukaondoka, hapa patakuwaje? Asiyeweza kulijibu kwa dhamana iliyoko benki asipewe ufunguo wa lango.